Tusing'oe Mibuni kwa Sababu ya Bei ya Mwaka Huu



Desemba inakaribia, na kila anayeifahamu Uru anajua maana yake. Mabasi yatawapandisha ndugu zetu kutoka Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Arusha. Nyumba zilizofungwa mwaka mzima zitafunguliwa madirisha, na baada ya Misa za Krismasi vitafuata vikao vya familia. Ndani ya vikao hivyo huamuliwa mambo makubwa: kaburi la babu lijengewe lini, kihamba kigawanywe vipi, nani amsaidie mtoto wa marehemu kuendelea na shule. Siku hizi imeongezeka ajenda nyingine: fedha za familia ziwekezwe wapi, na zile zilizokwisha kuwekezwa ziachwe au zitolewe.

Tunaandika makala haya kwa ajili ya ajenda hiyo ya mwisho. Tumeona familia, vikundi na hata jumuiya zikianza vizuri, zikanunua hisa, vipande au hatifungani kwa nia ya kukaa miaka mingi, kisha zikavunja mpango mwaka wa pili au wa tatu. Lawama hutupwa kwa yule "asiyekuwa na moyo". Sisi tunadhani lawama hiyo inakwenda mahali pasipo pake. Nidhamu ya mwekezaji wa muda mrefu haitokani kwanza na moyo mgumu. Inatokana na mpangilio uliofanywa kabla ya shida kufika. Asiyepanga mapema atavunja hata akiwa na moyo wa chuma, na aliyepanga ataweza kusubiri hata akiwa mwoga.

Huenda msomaji akauliza: frateri asiye na mshahara anajua nini kuhusu uwekezaji? Swali ni la haki. Sisi tunaishi kwa majitoleo ya waamini, na ndiyo sababu jambo hili linatuhusu. Mungu akipenda, baada ya miaka michache baadhi yetu tutakabidhiwa funguo za parokia, na pamoja na funguo hizo akaunti ya parokia, ambamo kuna zaka ya muuza ndizi na mchango wa mjane. Kama hatujifunzi sasa namna ya kutunza fedha kwa miaka mingi bila kuyumbishwa, tutakuja kujifunzia juu ya fedha zao.

Somo lenyewe hatukulipata darasani. Likizo iliyopita, tukiwa katika utume wa kutembelea jumuiya ndogo ndogo, tulifika kwa bibi mmoja upande wa Uru Mashariki. Tulikuwa watatu. Baada ya shikamoo na sala fupi alitukaribisha chai ya maziwa na ndizi mbivu. Nyuma ya nyumba yake mibuni ilikuwa imebeba vizuri chini ya kivuli cha migomba. Upande wa pili wa uzio wa masale, katika kihamba cha jirani, hapakuwa na mbuni hata mmoja.

Tukamuuliza, "Bibi, jirani hakuwahi kulima kahawa?"

Akajibu, "Alikuwa nayo kunizidi mimi. Aling'oa ile miaka bei ilipoanguka."

Tukaanza kumsifu kwa imani yake na uvumilivu wake. Akatukatiza. "Frateri, msinipambe. Mimi sikumshinda yule baba kwa imani. Mimi nilikuwa na ng'ombe wa maziwa, na migomba ilitutosha. Kahawa ikinipa, nashukuru, isiponipa, tunakula. Yeye alikuwa na watoto wawili sekondari, na kahawa ndiyo ilikuwa ada. Sasa bei imeanguka, shule inadai, angefanyaje?"

Tuliondoka pale tukiwa kimya kidogo. Tulikuwa tumekwisha kutunga mahubiri kuhusu mwenye imani na asiye na imani, na bibi akayavunja kwa maneno machache.

Ili kuelewa uzito wa maneno yake, inafaa kukumbuka historia ya zao lenyewe. Kahawa iliingia katika miteremko hii mwishoni mwa karne ya 19 kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki wa Kilema; mwaka unaotajwa sana ni 1898. Mwaka 1925 wakulima wenyeji waliunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Kwa miongo kadhaa kahawa ilisomesha watoto, ikaezeka nyumba kwa mabati na kuchangia ujenzi wa shule, zahanati na makanisa. Mzee wa Uru alipopanda mbuni hakuwa akifanya biashara ya msimu. Mbuni huchukua miaka mitatu hadi minne kabla ya kutoa mavuno ya maana, na ukitunzwa unaendelea kuzaa kwa miongo mingi. Babu zetu walikuwa wawekezaji wa muda mrefu kabla hatujalisikia neno hilo.

Kisha zikaja nyakati ngumu. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, na vilirudishwa tu miaka ya 1980. Mwezi Julai mwaka 1989 mfumo wa mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, na bei duniani ikaporomoka. Miaka ya 1990 biashara ya kahawa ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, huku dawa za chulebuni na kutu ya majani zikizidi kuwa ghali kwa mkulima. Ilipofika mwaka 2001, wakati kahawa ya Brazili na Vietnam imefurika sokoni, bei ya arabika katika soko la New York ilishuka hadi chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Hapo ndipo watu wengi wa Kilimanjaro waliishika mibuni na kuing'oa, wakapanda mahindi, nyanya au migomba peke yake.

Mwezi Februari mwaka 2025 bei hiyo hiyo ya New York ilivuka dola 4 kwa ratili.

Tunajua mkulima wa Uru hapati bei ya New York. Tunajua pia kwamba si kila aliyeng'oa alikosea: wapo waliogeukia maziwa au mboga wakafanikiwa kuliko wangebaki na kahawa, na kihamba chenyewe kimezidi kuwa kidogo kila kinapogawanywa. Hata hivyo, wapo wengi waliong'oa bila mpango wa maisha mapya. Waling'oa kwa sababu ya hofu ya mwaka mmoja, au kwa sababu ya ada ya muhula mmoja. Kung'oa kulichukua siku mbili. Kupanda tena kunahitaji miaka mitatu ya kusubiri, ambayo aliyekwisha kuumizwa mara moja hana nguvu ya kuianza.

Hapa falsafa tunayosoma inatusaidia. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, anauweka udumifu chini ya fadhila ya nguvu. Kwake, udumifu ni kubaki katika jambo jema kwa muda mrefu bila kushindwa na ugumu unaotokana na huo urefu wa muda. Wengi tungetegemea kwamba adui wa udumifu ni mmoja tu, yaani kukata tamaa. Tomaso anataja maadui wawili. Upande mmoja kuna ulegevu, mtu anayeacha jema mara linapokuwa gumu. Upande wa pili kuna ukaidi, mtu anayeng'ang'ania kupita kiasi, hata pale akili inapomwambia abadilike. Udumifu upo katikati.

Katika vihamba vya Uru tunawaona wote watatu. Mlegevu aling'oa mara bei iliposhuka. Mkaidi alibaki na mibuni ya babu yake iliyozeeka na kushambuliwa na magonjwa, hakukata mashina ili yachipue upya, hakupanda miche mipya, akasema tu "kahawa ni kahawa", na leo anavuna debe moja. Mdumifu aliendelea na kahawa lakini hakukaa kama alivyokuwa. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyopo Lyamungu, ilipotoa miche chotara inayohimili chulebuni na kutu ya majani, aliondoa mibuni ya zamani kidogo kidogo na kupanda mipya, safu kwa safu. Lengo lake lilikuwa lile lile, ingawa njia ilirekebishwa.

Tuyalete hayo kwenye fedha. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza shughuli mwaka 1998, na Mfuko wa Umoja wa UTT ulianza kuuza vipande mwaka 2005, hivyo Mtanzania wa kawaida ana njia za kuwekeza ambazo babu zetu hawakuwa nazo. Mfano unaofahamika na wengi ni wa Benki ya CRDB. Ilipoingia sokoni mwaka 2009, hisa moja iliuzwa kwa shilingi 150. Bei ilipanda, na mwaka 2015 benki iliwauzia wanahisa wake hisa za nyongeza kwa shilingi 350. Baadaye bei ikaanza kushuka. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2019 hisa hiyo ilikuwa ikiuzwa chini ya shilingi 100. Aliyenunua kwa 350 alikuwa amepoteza zaidi ya theluthi mbili ya fedha zake kwenye karatasi. Hata yule wa 2009, aliyesubiri miaka kumi, alikuwa chini ya alipoanzia ukiacha magawio aliyopokea.

Mwaka 2024 bei ilivuka shilingi 600, na gawio la mwaka huo wa fedha lilikuwa shilingi 65 kwa kila hisa. Kwa yule aliyenunua kwa shilingi 150, gawio la mwaka mmoja tu ni zaidi ya theluthi moja ya fedha aliyotoa mfukoni.

Mfano huu usitufanye tuseme kwamba kila kinachoshuka kitapanda. Hapana. Hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, na mwaka 2024 bei yake sokoni ilikuwa bado chini ya hapo. Anayesubiri hisa fulani kwa sababu tu alinunua ghali na anaona aibu kukubali hasara, huyo yuko upande wa ukaidi. Kwa hiyo swali la mwekezaji halipaswi kuwa "bei imeshuka, niuze?" wala "nimeshasubiri sana, niendelee?" Swali ni hili: sababu zilizonifanya ninunue bado zipo? Biashara bado inafanya kazi yake, inapata faida halali, inaongozwa na watu wanaotoa hesabu? Kama sababu zimekufa, kuuza si ulegevu, ni busara. Kama sababu ni zile zile na kilichobadilika ni bei peke yake, kuuza ni kung'oa mbuni mzima kwa sababu mnunuzi wa msimu huu ni mchoyo.

Tatizo ni kwamba swali hilo halijibiki vizuri siku ambayo mwanao amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Siku hiyo hakuna anayechambua mizania ya benki. Anauza. Ndiyo maana tunarudi kwa bibi wa Uru Mashariki. Kihamba chake kilikuwa kimepangwa kabla ya shida: migomba kwa chakula cha kila siku, maharage na magimbi chini yake, ng'ombe kwa maziwa na samadi, kahawa kwa fedha ya mwaka, na miti ya mbao pembezoni kwa ajili ya siku ya kujenga. Kila kitu kilikuwa na muda wake, na hakuna kilicholazimishwa kufanya kazi ya mwenzake. Kahawa iliweza kusubiriwa kwa sababu ndizi ilikuwepo.

Familia nyingi leo zinapanda kahawa bila ndizi. Mtu anapata malipo ya mkupuo, labda mafao au fedha ya shamba lililouzwa, anaziweka zote kwenye hisa kwa sababu rafiki amemwambia zinalipa, na Januari anahitaji ada ya watoto watatu. Fedha hizo hazikuwa za muda mrefu hata siku moja. Zilikuwa fedha za Januari zilizovaa nguo za miaka kumi. Zikitolewa kwa hasara, tusiseme soko la hisa ni la matajiri. Tuseme hatukutenga.

Kuna jaribu la pili, ambalo haliji wakati wa shida bali wakati wa utulivu. Ni kuchoka. Tuchukue mfano wa hesabu. Mtu anaweka shilingi 20,000 kila mwezi, na tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba fedha hizo zinakua kwa wastani wa asilimia 10 kwa mwaka na faida yote inarudishwa. Baada ya miaka 5 atakuwa ameweka shilingi 1,200,000, na jumla itakuwa karibu 1,550,000. Amevumilia miaka mitano kwa faida ya laki tatu na nusu. Jirani anayeuza mitumba Memorial anaipata hiyo kwa muda mfupi zaidi. Baada ya miaka 10 ameweka 2,400,000 na jumla ni karibu 4,100,000. Baada ya miaka 20 ameweka 4,800,000, na jumla imefika karibu 15,200,000. Zaidi ya milioni 11 kati ya hizo zimepatikana katika miaka kumi ya mwisho.

Kwa maneno mengine, miaka ya mwanzo ni kama miaka mitatu ya mche: unapalilia, unaweka samadi, unamwagilia kwa maji ya mfongo, na hakuna unachochuma. Wengi wanaacha hapo hapo, kabla ya mti kubeba. Hawaachi kwa sababu wamepata hasara. Wanaacha kwa sababu hawaoni kitu.

Na mtu aliyechoka kusubiri ni windo rahisi. Wazee wetu wanakumbuka DECI, ambayo serikali iliisimamisha mwaka 2009 na baadhi ya viongozi wake wakatiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu mwaka 2013. Maelfu ya watu, wakiwamo waamini wacha Mungu, walitoa fedha zao huko. Lugha iliyotumika ilikuwa ya "kupanda mbegu" na "kuvuna". Inauma kwamba maneno ya Injili yalifanywa chambo. Leo mambo hayo yamehamia kwenye simu: kundi la mtandaoni, mtu usiyemjua, ahadi ya kuongeza fedha mara mbili kwa wiki kadhaa, na picha za watu wanaodai wamelipwa. Mtu yeyote aliyelelewa kwenye kihamba anapaswa kustuka. Hakuna mbegu inayopandwa Jumatatu ikavunwa Ijumaa. Aliyeahidi hivyo hana shamba. Anakulipa kwa mbegu ya atakayekuja baada yako, na siku wajao wakikoma, mchezo umekwisha. Kabla ya kutoa fedha tuulize kama mhusika ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana au ya Benki Kuu, na tusitosheke na jibu la mhusika mwenyewe.

Tunajua wapo watakaosema kwamba mazungumzo haya hayafai gazeti la seminari. Je, Bwana hakutuambia tusijiwekee hazina duniani? Je, hakumwita mpumbavu yule tajiri aliyebomoa ghala zake ili ajenge kubwa zaidi? Pingamizi hilo tunaliheshimu, na tunakiri kwamba nidhamu ya fedha inaweza kugeuka kuwa ibada ya fedha. Mtu anaweza kuwa na mpango mzuri wa miaka ishirini, akamtazama mtoto wa jirani akifa kwa kukosa nauli ya kwenda KCMC, na akajisifu kwamba hakuvunja mpango. Huyo si mdumifu. Udumifu ni kubaki katika jema, na kuacha mtu afe si jema.

Lakini tumsome vizuri yule tajiri wa Injili ya Luka. Kosa lake halikuwa kupanga. Alizungumza na nafsi yake peke yake. Katika mipango yake hakukuwa na mtu mwingine, wala hakukuwa na Mungu. Yosefu kule Misri naye alijenga ghala na kuweka akiba miaka saba, akaokoa mataifa. Na katika mfano wa talanta, bwana anarudi baada ya muda mrefu, na yule anayekemewa ni mtumwa ambaye kwa sababu ya hofu aliifukia talanta ardhini. Ghala la Yosefu na ghala la tajiri linaweza kuwa na ukubwa ule ule. Kinachotofautisha ni nani atakula humo. Historia ya kahawa yetu inatufundisha hilo hilo: ilipotumiwa vizuri, uvumilivu wa mkulima mmoja mmoja ulijenga madarasa waliyosoma watoto wa wote.

Basi tufanye nini kabla ya kikao cha Desemba? Tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji elimu ya juu ya fedha.

Kwanza, tutenge ndizi kabla ya kahawa. Kila familia ijue kwa shilingi ada ya mwaka ni kiasi gani, matibabu ya wazee ni kiasi gani, na chakula cha miezi michache ni kiasi gani iwapo kipato kitakatika. Fedha hizo zikae mahali zinapopatikana haraka. Humo humo litengwe fungu la zaka na la kumsaidia jirani, ili huruma isihitaji kuvunja mpango. Kinachobaki, hata kama ni shilingi 10,000 kwa mwezi, ndicho cha muda mrefu. Kama hakibaki kitu, tusione aibu. Mwaka huu ni wa kupanda migomba.

Pili, tuandike. Siku ya kununua, tuandike kwenye daftari la familia sababu tatu za kununua na mambo yatakayotufanya tuuze. Siku bei itakapoanguka tutafungua daftari, badala ya kusikiliza kelele. Sisi waseminari tunafundishwa kwamba usibadili maamuzi mazito ukiwa katika giza la roho, na Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwaonya watu wake hivyo hivyo. Mwekezaji anahitaji onyo hilo hilo.

Tatu, tupunguze kutazama. Mkulima hafukui mche kila asubuhi aone kama umeota mizizi. Mwenye hisa za miaka kumi hahitaji kujua bei ya kila siku. Hesabu za mwaka za kampuni na gawio lililotangazwa zinatosha. Simu inayotuletea bei kila saa inatuletea pia sababu ya kuuza kila saa.

Nne, tusiamue kwa haraka wala kwa siri. Familia iwe na sharti kwamba uwekezaji wa muda mrefu hauvunjwi siku ile wazo lilipotolewa. Wazo litolewe kikaoni, liachwe siku thelathini, kisha lirudi. Baba asiuze bila mama kujua, na watoto wakubwa waonyeshwe daftari. Tumesikia habari za wazee waliofariki wakiwa na hisa ambazo hakuna mtoto aliyejua kuwa zipo. Huo nao ni utunzaji mbovu, maana ni kufukia talanta hata bila kukusudia. Parokia na vikundi vyetu nasi tujifunge na sharti hilo hilo, ili paroko mpya asifike leo na kesho akavunja mfuko wa miaka minane kwa ajili ya geti.

Kuhusu yule jirani wa bibi, tulimwona tulipokuwa tukiondoka. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa shamba lake la mahindi, akatusalimu kwa heshima na kuomba tumkumbuke katika sala. Wanawe wote wawili, bibi alituambia, walimaliza shule. Hatukuona sababu ya kumhukumu. Alilipa ada kwa kitu pekee alichokuwa nacho. Tunachotamani ni kwamba kizazi chetu kisilazimike kuchagua kama alivyochagua yeye.

Kwa hiyo kikao cha mwaka huu kikifika kwenye ajenda ya fedha, na mmoja wetu aliyetoka mjini akasema ziuzwe hisa au vivunjwe vipande kwa sababu bei imeshuka, au kwa sababu kuna kitu kipya kinacholipa haraka, tumwombe kwanza ajibu maswali mawili. Ada ya Januari ipo? Na sababu tulizoziandika siku ile zimebadilika? Kama ada ipo na sababu hazijabadilika, kikao kifunge ajenda hiyo, tusali, tukanywe chai.